Moshi wa Barazani, Moshi wa Ndani: Kesi ya Tumbaku Kenya, 2015 hadi 2019

Tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, iliitupilia mbali rufaa ya British American Tobacco Kenya, kampuni ya sigara tuliyozoea kuiita BAT, iliyopinga kanuni za kudhibiti tumbaku za Wizara ya Afya. Kampuni ilikuwa imeshindwa Mahakama Kuu mwezi Machi 2016, ikashindwa tena Mahakama ya Rufani Februari 2017, na sasa ikawa imefika mwisho wa njia. Watetezi wa afya walishangilia, na haki yao. Kuibwaga mara tatu mfululizo kampuni yenye mawakili wa kiwango hicho si jambo la kila siku.

Mimi hata hivyo nauona ushindi huo kama ulioachwa nusu. Sina ugomvi na majaji, kwa maana jaji huamua aliloletewa. Ugomvi wangu ni na kile kilichopelekwa mbele yao na kile kilichoachwa nje. Serikali ilipigania uwezo wa kumfuata mvutaji mpaka barabarani na barazani, na ikaupata. Ndani ya baa, ambako moshi hauna pa kwenda, sheria ilibaki vilevile ilivyoandikwa 2007: mwenye jengo anaweza kutenga mahali pa kuvutia. Tumebana palipo wazi, tukalegeza palipozibwa.

Kanuni, kisha sheria, kisha kanuni tena

Kenya ilitia saini Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tarehe 25 Juni 2004 na kuuridhia siku hiyohiyo. Kazi ilianza baadaye. Mwaka 2006 Charity Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alichapisha kanuni za kupiga marufuku uvutaji mahali pa umma. Kampuni za sigara zikakimbilia kortini na kanuni zikasimamishwa. Miji haikusubiri: Nakuru ilitangulia kupiga marufuku mwaka huohuo, na Nairobi ikafuata na sheria zake ndogo mwaka 2007.

Mwaka huo ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, ikaanza kutumika tarehe 8 Julai 2008. Ilikuwa sheria nzito. Matangazo na ufadhili wa kampuni za sigara vikakatazwa. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 likawa kosa, na kuuza sigara mojamoja pia. Paketi ikatakiwa kubeba onyo kwa Kiingereza na Kiswahili, likichukua asilimia 30 ya upande wa mbele na 50 ya upande wa nyuma. Anayevuta mahali pa umma akawekewa faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi 6.

Katikati ya ukali huo wote pakaachwa mlango: sehemu maalumu za kuvutia. Sheria inataka sehemu hiyo itengwe na iwe na hewa ya kutosha, na inaikataza kabisa mahali kama hospitali na shule. Baa haimo kwenye orodha hiyo ya makatazo. Nitaurudia mlango huu.

Tarehe 5 Desemba 2014 James Macharia, aliyekuwa Waziri wa Afya, alichapisha Kanuni za Kudhibiti Tumbaku ili kuipa meno sheria ile, zianze baada ya miezi sita. Zilileta mambo manne makubwa. Onyo la maneno libadilishwe kuwa picha. Watengenezaji na waagizaji wa tumbaku walipe mchango wa fidia wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. Maofisa wa umma wasikutane na wenye viwanda vya tumbaku isipokuwa pale inapolazimu, na mkutano uwekewe kumbukumbu. Na uvutaji upigwe marufuku hata kwenye mitaa, njia za waenda kwa miguu na baraza zilizopakana na mahali pa umma.

Aprili 2015 BAT ikafungua kesi. Mahakama ikazisimamisha kanuni kabla hazijaanza kutumika.

Walichobishania

Hakuna aliyesimama kortini kusema sigara haina madhara. Hoja hiyo ilikwisha zamani. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipoonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu kwa wagonjwa wa hospitali za Uingereza, ushahidi umekuwa ukirundikana tu, na kampuni zenyewe sasa huandika kwenye tovuti zao kwamba bidhaa yao inadhuru. Mabishano ya siku hizi huhamia kwenye utaratibu. Nani aliulizwa? Nani ana mamlaka? Je, huu ni ushuru au si ushuru?

Swali la ushuru ndilo lililoleta joto. Katiba ya Kenya inasema hakuna kodi bila sheria ya kuiweka, na BAT ikadai ile asilimia 2 ni kodi iliyovishwa jina jingine na kupitishwa na waziri badala ya Bunge. Hoja ilikuwa na nguvu kwa sura. Lakini ukifungua Sheria ya 2007 yenyewe unakuta Bunge lilishaanzisha Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, likautaja mchango huo wa fidia kuwa mojawapo ya vyanzo vyake, likamwachia waziri apange kiwango. Fedha zake zimepangiwa utafiti, elimu kwa umma, kuwasaidia wanaotaka kuacha, na kuwatafutia wakulima mazao mengine. Mahakama zote tatu zikakubaliana kwamba hii si kodi ya kukusanya mapato ya serikali. Ni kifuta machozi anachotoa mwenye bidhaa kwa madhara ya bidhaa yake.

Neno juu ya wakulima, maana wao hutajwa kila mara kampuni inapotaka kuonewa huruma. Tumbaku ya Kenya hulimwa hasa Migori, Bungoma, Busia na Meru. Ni kilimo cha kuni nyingi za kukaushia na cha mikataba ambayo mkulima hapangi bei yake. Jani likishikwa likiwa na umande hupitisha nikotini kwenye ngozi na mvunaji huishia kutapika. Migori mashirika ya Umoja wa Mataifa yameonyesha kwamba wakulima wanaweza kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma wakihakikishiwa mnunuzi. Kwa hiyo mchango wa asilimia 2, ukitumika ulivyoandikwa, ungemfaa mkulima huyohuyo aliyetumiwa kuupinga.

Kuhusu mikutano na maofisa wa serikali, BAT ilisema inabaguliwa: mbona mwenye kiwanda cha soda hazuiwi kuonana na waziri? Jibu limo kwenye Mkataba wenyewe, kipengele cha 5.3, kinachozitaka nchi zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Na kanuni hii haikutungwa hewani. Novemba 2015, kesi ikiwa bado Mahakama Kuu, shirika la BBC lilitangaza madai ya mfanyakazi wa zamani wa BAT kuhusu hongo Afrika Mashariki. Kampuni ilikana, na wachunguzi wa Uingereza walifunga faili Januari 2021 bila kumshtaki mtu. Sitajifanya hakimu wa jambo hilo. Nasema tu kwamba kuandika kumbukumbu za kikao hakujawahi kumdhuru mtu ambaye hana cha kuficha.

Na ushirikishwaji wa umma? Kampuni ilidai kanuni zilitungwa bila kuisikiliza ipasavyo. Mahakama ikaangalia barua na mikutano, ikaona ilisikilizwa, ila haikukubaliwa. Kusikilizwa na kukubaliwa ni mambo mawili. Hapa pana kichekesho kidogo ambacho wanasheria wanakijua na raia wengi hawakijui: katika kuikatalia BAT, Mahakama ya Juu iliweka misingi ya namna ushirikishwaji wa umma unavyopaswa kufanywa, kwamba uwe wa kweli na si wa kutimiza ratiba tu, na leo mawakili huinukuu hukumu hiyo kwenye kesi zisizo na uhusiano wowote na tumbaku, zikiwemo za sheria za fedha. Kampuni ya sigara imewaachia Wakenya silaha ya kupingia kodi.

Picha za onyo zilianza kuonekana kwenye paketi mwaka 2016, baada ya Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu kuzipitisha karibu kanuni zote na kutoa muda wa miezi sita. Hatima ya asilimia 2 iliendelea kuning'inia mpaka Novemba 2019. Hesabu mwenyewe: kanuni iliyochapishwa Desemba 2014 ilipata uhakika wa mwisho karibu miaka mitano baadaye. Aliyeshindwa mara tatu si kwamba hakupata kitu.

Picha asiyoiona mnunuzi

Simama kando ya kibanda chochote Nairobi, Mombasa au Kisumu jioni watu wanapotoka kazini. Mchuuzi ana peremende, njugu za karatasi, kadi za simu, na paketi ya Sportsman au Embassy iliyofunguliwa, mdomo ukitazama upande wake. Mteja ananyoosha sarafu, anasema "moja". Anapewa moja. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi kwenye msumari, mteja anainama, anawasha, anaondoka. Shughuli nzima haichukui dakika. Paketi haikuguswa na mnunuzi, na ile picha ya mapafu yaliyooza, iliyopiganiwa kwenye mahakama tatu, imetazama rafu.

Kuuza fegi mojamoja ni kosa tangu 2008, na hakuna mtu mtaani anayeliona kuwa kosa. Anayenunua moja ndiye ambaye onyo lilimkusudia zaidi: kijana anayejaribu, na kibarua ambaye hana fedha za paketi. Nikiulizwa kanuni gani ingeokoa watu wengi zaidi Kenya kesho asubuhi, ningetaja utekelezaji wa hii ambayo tayari ipo, kabla ya kutaja picha kubwa zaidi.

Barabarani na ndani

Tuje kwenye mitaa na baraza. Hapa wavutaji wana malalamiko ya haki, na watetezi wa afya hawapendi kuyasikia. Mtu anashuka kwenye matatu katikati ya jiji, anawasha sigara, hajavuta mara tatu ameshikwa mkono na askari wa nguo za kiraia ambaye hata hakumwona. Faini ya shilingi 50,000 ni mishahara ya miezi kadhaa kwa wengi wao, na penye pengo kubwa hivyo kati ya faini na mfuko wa mtu ndipo mazungumzo ya pembeni huzaliwa. Anayevuta kwenye kochi la baa ya ghorofani hakamatwi. Sheria ileile, moshi uleule, lakini mmoja yuko kwenye njia ya askari na mwingine hayuko.

Kitaalamu mambo yamekaa kinyume. Moshi unaomfikia asiyevuta hutoka zaidi kwenye ncha inayofuka kati ya pumzi moja na nyingine, pale sigara inapoungua kwa joto la chini na bila kupita kwenye kichujio, hivyo sumu nyingine zimo humo kwa wingi kuliko kwenye ule anaovuta mwenye sigara. Nje, upepo huusambaza kwa sekunde chache. Ndani, huo moshi hukaa. Chembe zake ndogo kabisa huelea hewani muda mrefu, huingia ndani ya mapafu, na athari zake huvuka hadi kwenye damu. Nusu saa inatosha kuvuruga kwa muda utendaji wa kuta za mishipa ya moyo ya mtu ambaye hajawahi kuvuta maishani. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya 2006 ilihitimisha kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa mwenzako, na kwamba asiyevuta anayeishi au kufanya kazi na wavutaji huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Shirika la Afya Duniani huweka vifo vya moshi wa mwenzako kwenye zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Je, kile chumba chenye hewa ya kutosha? Feni haichagui. Inauzungusha moshi, inaupunguza kidogo, na kila mlango unapofunguliwa sehemu yake inatoka pamoja na aliyefungua. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mifumo ya hewa, ambacho si chama cha wanaharakati wa aina yoyote, kilisema wazi mwaka 2005 kwamba njia pekee ya kuiondoa hatari hiyo ndani ya jengo ni kutoruhusu uvutaji humo.

Halafu yupo mhudumu. Mvutaji ana uamuzi wa kuingia na kutoka. Mhudumu wa baa huingia mle chumbani kupeleka chupa, kuchukua glasi, kumwaga kisahani cha majivu, kufuta meza, na kurudi tena chupa zikiisha, zamu nzima mpaka usiku wa manane. Mara nyingi ni mwanamke kijana ambaye havuti: kwenye uchunguzi wa kitaifa wa 2014, watu wazima waliotumia tumbaku Kenya walikuwa asilimia 11.6, karibu milioni 2.5, wanaume 19.1 na wanawake 4.5 tu. Hajatajwa mahali popote kwenye mabishano ya ile asilimia 2.

Ireland ilivyofanya

Tarehe 29 Machi 2004 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji ndani ya mahali pote pa kazi, baa zikiwemo, bila chumba cha pembeni. Micheál Martin, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliandamwa na wenye baa kwamba anaua biashara na utamaduni wa taifa. Ninachokipenda kwenye kisa hicho ni namna walivyoipanga hoja. Hawakusema wanamfundisha mvutaji adabu. Walisema baa ni mahali pa kazi, na mfanyakazi ana haki ya hewa. Mvutaji akaambiwa tu atoke nje, na nje hapo akaachwa kwa amani: hata kibanda chenye paa kiliruhusiwa mradi kuta zisizidi nusu ya mzingo wake.

Matokeo yalipimwa kwenye miili ya wahudumu. Utafiti uliochapishwa 2005 uliwalinganisha wahudumu wa baa wasiovuta wa Jamhuri ya Ireland na wenzao wa Ireland Kaskazini, ambako marufuku ilikuwa bado. Ulipima kotinini kwenye mate, mabaki ya nikotini iliyopita mwilini. Upande wa Jamhuri ilishuka kwa asilimia 80, upande wa pili kwa asilimia 20. Vikohozi na kubanwa kifua vikapungua pia. Utafiti mwingine wa baa za Dublin ukakuta chembe ndogo hewani zimeshuka kwa asilimia 83. Ireland Kaskazini nayo ikafuata Aprili 2007.

Dublin ilimtoa mvutaji ndani ikampeleka barabarani. Nairobi inamtoa barabarani na kumwelekeza chumbani. Uganda, jirani wa karibu, ilipotunga sheria yake mwaka 2015 haikuacha vyumba ndani ya majengo ya umma, na ikaongeza umbali wa mita 50 nje. BAT ya huko nayo ikashtaki, na Mahakama ya Katiba ikaikatalia Mei 2019, miezi sita kabla ya hukumu ya Nairobi.

Kesi iliyobaki

Muswada wa kurekebisha Sheria ya Tumbaku ulioletwa Seneti mwaka 2024 umeelekeza macho kwenye sigara za umeme na vifuko vya nikotini, vitu ambavyo sheria ya 2007 haikuviwazia. Ni jambo la maana, vijana wanavitumia. Lakini hata ukipita, mhudumu ataendelea kubeba sinia ndani ya moshi uleule.

Kwa upande wake Katiba imeandikwa vizuri kuliko Sheria ya Tumbaku. Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi mazingira ya kazi yanayofaa. Ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ya 43 inataja kiwango cha juu kabisa cha afya kinachofikika. Ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kutetea ile haki ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara au jeraha. Maana yake mhudumu hana haja ya kusubiri mpaka mapafu yaharibike ndipo apate ushahidi. Akipata wakili, anaweza kuiomba Mahakama Kuu itamke kwamba kifungu kinachoruhusu chumba cha kuvutia ndani ya mahali pa kazi kinakiuka Katiba, na hukumu ya 2019, ambayo imeshakubali kwamba serikali inaweza kuibana biashara hii kwa ajili ya afya ya umma, itakuwa mkononi mwake.